Kolache za West, Texas: anza na za popi

Ukitoka Dallas kwenda Waco kwa barabara ya I-35, utapita West ukiwa umebakiza kama maili 20 tu. Ni mji mdogo, watu wake hawafiki 3,000. Wakulima wa Kicheki walianza kumiminika hapa miaka ya 1880, wakifuata udongo mweusi wa mbuga unaokubali pamba. Siku hizi wasafiri wengi husimama kwa ajili ya kolache, mikate midogo mitamu ya Kicheki. Toka I-35 kwa njia ya kutokea namba 353. Duka la mikate la Czech Stop lipo hapo hapo kwenye kituo cha mafuta.

Kolache ni unga wa hamira uliokandwa kwa maziwa, siagi na viini vya mayai. Huokwa, haukaangwi, na ulaini wake unaipita skonzi. Katikati pana shimo la jamu, na hapo ndipo kazi ya mwokaji inapoonekana. Shimo hubonyezwa kwa vidole baada ya madonge kuumuka mara ya pili, karibu kugusa trei. Likiwa la juujuu, unga hufura tanurini na kuisukuma jamu nje, nayo huungua pembeni. Jamu ikiwa nyepesi, kitako hulowa. Basi igeuze uitazame chini: unataka rangi ya dhahabu, pakavu, na ukingo unaorudi ukiuminya.

Wengi hukimbilia ya jibini laini. Ni tamu, lakini za asili ndizo zinazostahili safari: plamu kavu, aprikoti, na hasa popi (mbegu ndogo nyeusi za mmea wa kasumba). Mbegu za popi lazima zisagwe kabla ya kupikwa na maziwa na sukari. Zikibaki nzima huwa kama mchanga mdomoni. Zikisagwa vizuri hutoa uji mzito mweusi, mtamu wenye uchungu kwa mbali. (Anayepanda ndege kwenda Dubai asibebe hata moja, popi ni marufuku kule.)

Ile yenye soseji ndani si kolache. Jina lake ni klobasnik, na ni uvumbuzi wa Texas. Village Bakery ya hapa hapa West, iliyofunguliwa 1952, ndiyo inayotajwa kuianzisha. Soseji yake mara nyingi ina nguruwe, hata pale kibandiko kinapotaja pilipili na jibini tu. Usiyekula nguruwe, uliza kwanza, na omba za matunda zifungwe kwenye boksi lake peke yake.

Nunua za kula siku hiyo hiyo. Kesho yake unga hukauka. Sekunde 10 hadi 12 kwenye maikrowevu zinatosha, zikizidi unakuwa mgumu kama raba. Za ziada zigandishe siku ile ile, moja moja kwenye mfuko. Wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, kuna tamasha la Kicheki la Westfest, na foleni hufika nje: fika alfajiri.