Godoro la poketi springi kwa joto la Dar, uzoefu wangu

Wadau naona kila mtu akiuliza anunue godoro gani jibu ni lilelile, "chukua hai densiti", yaani sponji zito lililoshiba, basi imeisha. Ngoja na mimi niseme langu maana nimeshalala kwenye sponji, memori fomu na sasa hivi nipo kwenye springi, mgongo ndo shahidi.

Sponji lilikuwa futi 5 kwa 6 unene inchi 8, nililichukua Keko, lebo imeandikwa densiti 30. Pale dukani ukilibonyeza ngumi linarudi chap, muuzaji analidundisha "bosi cheki linavyonesa hili", na kweli lilikuwa linanesa. Haukupita muda upande wangu ukaanza kubonyea na haurudi, likanywea kama andazi lililolala, wife kila akipitiwa na usingizi anaporomokea bondeni kwangu, mwanzoni tunacheka baadaye akahamia kwa mtoto.

Siku moja tukalivua kava tukalikunja tukalikaza na mpira wa tyubu, ule wanaofungia mizigo kwenye boda, tukalining'iniza kwenye mzani wa jirani anayeuza mkaa kwa jumla. Kilo 12. Sasa piga hesabu, densiti ni kilo ngapi kwenye mita moja ya ujazo, na 5 kwa 6 inchi 8 ni kama mita za ujazo 0.57, kwahiyo densiti 30 ya ukweli lilitakiwa lisome kilo 17 hivi. Langu linakuja densiti 21. Malizia mwenyewe.

Kingine ambacho wauzaji hawasemi, densiti sio ugumu. Kiwandani wanaweza kutoa sponji jepesi halafu gumu, ukilibonyeza kwa mkono unaona hili jiwe, ila vile vitundu vya ndani kuta zake ni nyembamba, ukilalia kila siku zinachoka na zinachanika, ule uwezo wa kujaa tena ndo unakufa. Ndo maana siku hizi nikimsindikiza mtu kununua sponji naulizia mzani kwanza. Kuna mmoja alinijibu "kaka hapa hatuuzi nyama".

Memori fomu sina mengi, nililalia kwa dada yangu Mbezi. Hilo halidundi kabisa, unalala linadidimia polepole linafuata umbo lako, ukitoa mkono alama ya kiganja inabaki kidogo ndo inajaa. Wakikwambia ni mambo ya NASA, wale wa anga za juu wa Marekani, sio kamba, lilitengenezwa mwaka 1966 kwenye mradi wao wa siti za ndege. Shida ni kwamba linalainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, sasa chukua Januari ya Dar, umeme umekata, feni imelala, unazidi kuzama na hewa chini ya mgongo haipiti. Mtu wa Makete kule kwenye baridi labda atalifurahia.

Haya springi sasa. Ziko za kuunganishwa, springi zote zimeshikana kwa waya, bei yake ina unafuu ila mmoja akijigeuza kitanda kizima kinanesa na zikichoka ni kwii kwii usiku kucha, nyumba za kupanga mnajuana. Na ziko poketi, kila springi imeshonewa kwenye kimfuko chake cha kitambaa, inabonyea peke yake na kurudi peke yake. Hii ndo niliyochukua, bei ilizidi mara mbili ya lile sponji na roho iliuma sana. Lakini mimi natoka alfajiri kuwahi mwendokasi, naamka navaa natoka na wife hajashtuka. Hewa inapita kati ya springi kwahiyo hata jasho limepungua. Ukiinuka shimo hakuna, upande wangu na wa kwake uko sawa.

Kulisafirisha ndo kazi. Jamaa wa kirikuu alitaka alikunje katikati liingie, nikamwambia kaka simamisha hapohapo, waya ya pembeni ikishapinda hainyooki tena. Tukalisimamisha wima tukafunga kamba. Halafu angalieni chaga zenu, za kwangu zilikuwa zimeachana sana, springi za katikati zikawa zinatumbukia kwenye mapengo, fundi seremala akaniongezea mbao nne ndo likatulia, usikimbilie kulaumu godoro kabla hujachungulia chini.

Mabaya yake. Ni zito, kuligeuza mpaka muwe wawili. Ukingoni ni laini, ukikaa kuvaa viatu linanepa unakaribia kuteleza, aliye na mzee nyumbani ampeleke ajaribu hilo kwanza dukani, akae pembeni kabisa kama anavyokaa nyumbani, sio kulala katikati tu. Na juu ya springi kuna tabaka la sponji la inchi mbili, hilo nalo ni sponji tu, kwangu limeshaanza kulegea pale kwenye nyonga, springi zenyewe bado zinarudi vizuri. Fundi anasema tabaka la juu linafumuliwa na kubadilishwa bila kugusa springi, nitampelekea likizidi.

Nalipatia nyota nne. Hiyo moja nimekata kwa sababu ya ukingo, na waranti waliyonipa inahusu springi tu, sponji la juu halimo, maandishi madogo nyuma ya risiti.