Kuiwekea nguvu mashine ya kukunja mabomba: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Fundi akishachoka kuvuta mpini wa mita mbili, akifika dukani anaulizia tani. "Nipe jeki ya tani 20." Pesa inaanza kupotea hapo. Mashine inayokunja kwa kuzungusha dai (gurudumu lenye mfereji ambalo bomba hukunjwa juu yake) haihitaji tani nyingi. Inahitaji mwendo mrefu, uwezo wa kurudi yenyewe, na kusimama kwenye digrii uliyoitaka.

Hesabu ni fupi. Bomba la chuma laini la milimita 38, unene wa 2, linakunjika, msuguano ukiwemo, kwa kama kilo 75 kwenye ncha ya mpini wa mita mbili. Ni mtu mzima mmoja akijining'iniza. Hamishia nguvu hiyo kwenye wenzo (mkono unaozungusha dai) wa sentimita 20 na unahitaji kilo 750 tu. Bomba la milimita 50 lenye unene wa 3 linapanda hadi tani mbili hivi. Ongeza kidogo, kwa sababu silinda ya haidroliki (pistoni inayosukumwa na mafuta ya presha) husukuma wenzo kwa mshazari mwanzoni na mwishoni, uweke tani tatu. Basi.

Kabla ya kununua chochote, angalia mashine yenyewe. Kama ni ile ya jeki inayosukuma bomba katikati ya rola mbili, iache ilivyo: iliundwa kwa mabomba mazito ya maji, na kuiwekea mota kutaponda bomba jembamba haraka zaidi tu. Angalia na dai pia. Bomba la maji la "inchi moja" lina milimita 33.7 nje, bomba la fanicha la "inchi moja" lina 25.4. Dai la moja halifai kwa lingine, na mkunjo uliojikunyata hauponywi na haidroliki.

Nafasi ya kwanza: silinda ya kusukuma na kuvuta, pamoja na pampu ya umeme

Hii ndiyo ya kununua kama karakana inakunja kila siku: keria za pikipiki, viti vya shule, bomba za mbele za magari. Tafuta silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, fimbo ya 28 na mwendo (urefu ambao fimbo inatoka) wa 300, yenye matundu ya pini ncha zote mbili ili iweze kuyumba wenzo unapozunguka. Kwa wenzo wa sentimita 20, mwendo wa 300 unakupa karibu digrii 97 kwa mkupuo mmoja, yaani 90 na ziada ya kufidia bomba linapojirudisha. Silinda ya mwendo wa 200 ni rahisi kupatikana, lakini inakuishia kwenye digrii 60 na utahamisha pini katikati ya kila kona.

Pampu: mota ya kilowati 1.5 ya fezi moja, lita 4 kwa dakika, presha hadi bar 160, tangi la lita 6 hadi 8. Silinda hiyo itafunguka yote kwa sekunde tisa hivi. Usitamani kasi zaidi. Kwa kasi kubwa utaipita digrii kabla hujaachia swichi. Kwa bomba la 38 shusha vali ya usalama hadi bar 80 au 100. Ikikwama, mafuta yatarudi kwenye tangi badala ya pini kukatika.

Vali ya kuelekeza mafuta iwe ya kurudi katikati yenyewe ukiiachia, na ikiwa katikati iache mafuta yazunguke bure kwenda tangini. Faida yake inaonekana umeme ukiwa dhaifu: jirani akiwa anachomelea kwenye laini hiyo hiyo, mota inayowaka ikiwa na mzigo itanguruma bila kuzunguka hadi kapasita iungue.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanapokosea. Pini ya nyuma ya silinda na pini ya katikati ya dai lazima zikae kwenye fremu moja, chaneli au pleti mbili za milimita 12, ili nguvu izunguke ndani ya chuma. Ukifunga nyuma ya silinda kwenye nguzo na mashine sakafuni, siku ya bomba nene bolti zitang'oka na zege lake. Fremu ikiwa moja, mashine yote inaweza kuwekwa kwenye magurudumu. Pini ziwe za milimita 25, zenye bushi na grisi.

Silinda ya mtumba? Inafaa, ila ipime. Pitisha ukucha kwenye fimbo: ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya haitamaliza mwezi. Kisha ifungue hadi mwisho, toa mpira wa mafuta (hosi) wa upande wa kurudia, endelea kupampu. Mafuta yakitoka bila kukoma, sili ya pistoni imekwisha.

Nafasi ya pili: jeki ya upepo na mafuta

Kama kompresa unayo na unakunja kona chache kwa siku, hii inakutosha na ni rahisi kuliko zote. Tatizo ni mwendo: nyingi zina milimita 150 hivi, sawa na digrii 44 kwa wenzo wa sentimita 20. Fupisha wenzo hadi sentimita 12 upate 77, halafu toboa matundu ya kuhamishia pini. Nunua ndogo kuliko zote utakayoipata. Tani 20 kwenye wenzo mfupi hukata pini bila wewe kusikia dalili yoyote. Springi za kuirudisha utanunua mwenyewe. Isipoandikwa kwamba inafanya kazi ikiwa imelala, isimamishe.

Nafasi ya tatu: pampu ya volti 12 ya tipa

Inafaa pasipo na umeme. Lakini nyingi husukuma upande mmoja tu, kwa kuwa bodi hushuka kwa uzito wake. Hesabu matundu: unataka mawili ya kazi na koili zake (sumaku za umeme zinazosukuma vali). Inakula betri sana na inachemka, kwa hiyo si ya kazi mfululizo.

Mota na giaboksi inakuja mwisho. Kufikia mzunguko mmoja na nusu kwa dakika kutoka mota ya 1400 unahitaji punguzo la karibu 900 kwa 1, pamoja na breki, na hakuna vali ya kuokoa kitu kikikwama. Winchi ya umeme isahau kabisa: waya ukikatika ukiwa umevutwa, unachapa uso.

Vitu vidogo usivyosahau: mipira ya mafuta yenye nyaya tabaka mbili, fitingi za uzi wa aina moja, mafuta ya haidroliki namba 46 au 68, na swichi ya mguu yenye kifuniko. Mpira ukivuja, tafuta tundu kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole; mafuta ya presha hupenya ngozi, na hata tundu la sindano ni la kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, funga swichi ya kikomo pembeni mwa dai, yenye kigingi cha kusogeza. Kunja kipande cha majaribio hadi 90, achia, pima. Kikirudi hadi 87, kigingi kiende 93. Kila aina ya bomba ina namba yake. Iandike kwa maka peni kwenye dai lenyewe.