Mtego wa Taa wa Kunasia Nondo Majira ya Baridi: Uzoefu Wangu

Mtego huu wa aina ya Skinner, wenye taa ya mrija ya wati 15 inayotoa mwanga wa urujuanimno, niliununua kwa ajili ya bustani yangu ndogo kusini mwa Uingereza, na nimeutumia hasa kati ya Novemba na Februari, miezi ambayo wengi huiweka mitego yao stoo wakiamini kwamba hakuna kinachoruka. Kwa kazi hiyo naupa nyota nne kati ya tano.

Muundo wake hauna makuu. Ni sanduku la mbao lililofunikwa kwa vipande viwili vya plastiki angavu, vilivyoinamishwa kuelekea ndani na kuacha mwanya mwembamba katikati, na ndani hupangwa trei tupu za mayai. Nondo anayeufuata mwanga huteleza, akatumbukia na kujibanza kwenye vishimo vya trei hadi asubuhi, nami humpiga picha, nikamwandika na kumwachia vichakani.

Usiku wa anga safi na jalidi hauleti kitu. Taa iwashwe usiku wa mawingu usio na upepo. Desemba huja nondo aitwaye kitaalamu Operophtera brumata, wa kijivu hafifu, anayeweza kuruka hata joto likikaribia nyuzi sifuri, na nondo mwingine, Poecilocampa populi, mwenye manyoya tele mfano wa aliyevaa koti, ambaye akishapevuka hali chochote. Trichocera, wadudu wanaofanana na mbu lakini wasiouma, nao nawaandika. Hata hivyo, jike la brumata lina vijibawa visivyoruka na hupanda miti kwa miguu, hivyo mtego hunipa madume peke yao, na anayetaka hesabu ya haki hana budi kumulika mashina ya mitufaa kwa tochi.

Nyota moja imepotea kwa sababu ya unyevu. Matundu ya kutolea maji ni machache mno, na mvua ikinyesha trei hulowa zikawa uji, jambo linalowadhuru wadudu wenyewe. Kofia ya kukinga mvua inauzwa peke yake, na kwa hali ya hewa ya Uingereza huo ni ubahili usioelezeka. Betri ya volti 12 nayo hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo mwenye soketi karibu na bustani atumie umeme wa nyumbani.