Sanamu ya Askari, Posta, Dar es Salaam: matembezi ya mguu yaliyostahili hela yangu

Kama umezoea kupita pale Samora ukiwa ndani ya gari, sanamu ile hujaiona. Mimi niliiona sawasawa Jumapili asubuhi, kwenye matembezi ya kuongozwa katikati ya jiji. Kuitazama ni bure. Unachomlipa mwongozaji ni maelezo, na wa kwetu alikuwa nayo ya kutosha.

Tulishuka mwendokasi Posta ya Zamani, tukakata kuelekea Samora. Askari wa shaba yuko pale tangu 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu yao hapa Dar, ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Bushiri. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha 1968.

Tulichokaa nacho zaidi ni maandishi ya kwenye kitako: Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari, kisha wapagazi, walioitwa miguu na mikono ya jeshi. Mwongozaji akatueleza kwa nini. Mbung'o walikuwa wakimaliza farasi na ng'ombe, barabara za malori hazikuwepo, kwa hiyo risasi na chakula vya Vita Kuu ya Kwanza vilisafiri vichwani mwa watu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Mwisho wa maandishi kuna ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Dada mmoja wa kundi letu aliyewahi kufika Paris akasema lile Tao la Ushindi la kule limechongwa majina 660, mengi ya majenerali. Akauliza, "Na hapa majina yako wapi?"

"Hapa hayapo, dada."

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Babu zetu wamo humo.

Nendeni mapema, saa moja hivi, kabla jua halijakaza. Nendeni na watoto, wanaoweza kusoma wasome wenyewe kwa Kiswahili. Na kwa wenye huduma hii: matembezi yanaishia Makumbusho ya Taifa, mahali pazuri, lakini tufikisheni na Kariakoo, walikopiga kambi wapagazi hao. Ningeongeza hela kwa furaha.