Seti ya nyumba ya biskuti za tangawizi: vikatio safi, mengine mtihani (uzoefu wangu, Nyegezi, Mwanza)

Haya jamani, nilinunua ile seti ya kutengeneza nyumba ya biskuti za tangawizi, ile wazungu wanajenga Krismasi, ukuta biskuti, paa biskuti, theluji ya sukari. Niliiona kwenye simu, muuzaji yuko Dar, 38,000 na nauli ya basi 7,000 juu yake. Wanangu walishaiona kwenye katuni wakanisumbua wiki nzima, nikasema liwalo na liwe, nikatuma hela.

Boksi likafika na vikatio vya bati (ukuta wa mbele wenye mlango, ukuta wa pembeni, paa na bomba la moshi), mfuko wa kupambia, pakiti ya aising ya unga (ile sukari nyeupe ya kupambia keki) na karatasi ya maelekezo. Vikatio sina neno, vizito, havipindi, nimeviosha mara kibao na havijashika kutu. Ile pakiti ya aising sasa! Nimeifungua imeganda kama saruji iliyonyeshewa. Nikamtumia muuzaji picha, akajibu "pole dada, twanga tu na kinu". Nikatwanga kweli, ikabaki chengachenga, ikaziba ncha ya mfuko, nikaitupa.

Maelekezo nayo yameandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi. Yanataka molasi, ile sharubati nzito nyeusi ya miwa, na huku kwetu molasi ninayoijua mimi ni ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe. Nikaenda sokoni nikachukua sukari guru, robo kilo nikaiyeyusha na maji kidogo na Blue Band nusu ya ile ya gramu 250, nikaiacha ipoe kabisa (ukiweka yai ikiwa bado ya moto unapata mayai ya kukaanga, nawaambia kutoka moyoni), halafu yai 1, unga wa ngano nusu kilo na ushee, tangawizi ya unga vijiko viwili vya chai vilivyojaa, mdalasini kimoja, karafuu nusu tu maana karafuu ukizidisha inakuwa kama dawa ya meno. Hamna kuumusha, kitu cha kuumusha unaweka kwenye biskuti za kula, za kujengea zikivimba kuta hazikutani. Donge likakaa kwenye friji saa zima ndo nikasukuma kwa kifimbo cha chapati, unene kama nusu sentimita, juu na chini nimetandika mfuko wa nailoni usinate.

Nikachoma nyuzi 180 dakika kama 12, oveni yangu ya mezani inaingiza vipande viwili viwili kwa hiyo nilikuwa pale mpaka uniti za LUKU zinalia. Siri moja, zikitoka tu, za moto bado laini, rudishia kikatio juu ukate tena pembeni, kwa sababu zinatanuka kidogo, zikishapoa ukikata zinapasuka. Nyumba nzima ilinukia hadi jirani akaja kuuliza naandaa pilau ya nani.

Kesho yake jioni tukaanza kujenga na hapo ndo nikajua sijui. Aising nilitengeneza mwenyewe, ute wa mayai mawili na aising shuga ya dukani, nikapiga mpaka ikasimama yenyewe kwenye mwiko. Karatasi inasema shikilia kuta, ikikauka weka paa. Ikikauka lini? Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na sisi ziwa liko hapo chini tu, unyevunyevu mpaka chumvi inalowa kwenye kopo. Nimeshikilia ukuta robo saa mkono unatetemeka, nikaachia, ukasimama. Tukapandisha paa. Tumekaa sebuleni tunakula, tukasikia kitu kinateleza polepole, srrrr, paa la kushoto limeshuka mpaka kwenye kibao na ukuta umelala kama mlevi. Mdogo akalia, mkubwa akasema mama fundi wako hakuweka nondo.

Haijaisha. Kumbe taa ya barazani tuliiacha inawaka na dirisha wazi. Wa Mwanza mnawajua wale vijidudu vya ziwani, mchana ukitazama majini unaona kama moshi umesimama, usiku wanafuata taa. Waliingia kwa mamia wakatua kwenye aising mbichi wakanatia humohumo. Theluji yetu ikawa na pilipili manga. Nilikwangua yote na kisu.

Kilichoniokoa ni sukari ya kawaida. Sukari nusu kikombe kwenye kikaango, bila maji, moto mdogo mpaka iyeyuke iwe na rangi ya chai ya rangi, unachovya ukingo wa ukuta, unaunganisha, unahesabu mpaka kumi, imeshika. Inashika hata mvua ikinyesha. Ila watoto wakae mbali, ile kitu ikikudondokea haitoki na ngozi inaenda nayo, mimi nina alama kwenye kidole gumba mpaka leo. Aising tukaibakiza ya mapambo tu, tukapamba saa saba mchana feni inawaka, madirisha yamefungwa.

Na kupamba ndo kulikoniridhisha. Mkubwa alikataa theluji, akasema Mwanza hamna theluji, akachora mistari minene juu ya paa ikawa bati la msauzi. Tukapanga karanga za maganda na vipande vya kashata chini ya nyumba yawe mawe, maana hapa nyumba ya kweli inakaa juu ya jiwe, na jiwe moja refu tukalisimamisha mbele kwenye sahani ya bluu, Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani hapa Mwanza. Nikawaambia hizi nyumba za biskuti zenyewe asili yake Ujerumani na jiwe letu nalo lina jina la Mjerumani, hawakunisikiliza, walikuwa wanagombania ubuyu wa kupanga kwenye ua. Kibao tukakiweka juu ya bakuli lililosimama kwenye sinia la maji kwa ajili ya sisimizi.

Kwa hiyo kama unaulizia, kwa 38,000 boksi zima hapana. Ukipata anayeuza vikatio peke yake chukua, hata ukikosa kata maumbo ya karatasi ngumu ya boksi ufuatishe kwa kisu, kazi ni ileile. Na usijenge tarehe 20 ukitegemea ifike mwaka mpya, yetu siku ya tano paa limeanza kulegea kama mkate uliochovywa. Tulilimaliza na chai. Ukuta wenye mlango, yule mdogo aliuficha chini ya mto wa kulalia.

Vikatio navyo jirani aliyefuata harufu aliviazima, ni mwezi wa tatu huu.