Hadithi ya Balzac ya mwanajeshi na chui, isomeni jamani

Kama hujasoma hii hadithi fupi ya Balzac, mwandishi Mfaransa, ya mwaka 1830, Une passion dans le désert (yaani Mapenzi jangwani), itafute. Ni enzi za Napoleon kule Misri, mwanajeshi Mfaransa wa kikosi cha jenerali Desaix anatekwa, anatoroka usiku, farasi anamfia jangwani, anafika kwenye mitende na pango akalala, kuja kushtuka usiku kumbe yuko pango moja na chui jike mdomo una damu! Hapo ndo nilinasa. Anamkuna kichwa, chui anatulia, mpaka anampa jina Mignonne na wanazoeana kweli kweli, ila jamaa silaha haiachi na woga haumtoki, na kwangu mimi uzuri wote uko hapo, upendo na hofu vinakaa pamoja mpaka mwisho. Ile sehemu ya mwanzo ya maonyesho ya wanyama inachelewesha kidogo, vumilieni. Mwisho umeniuma sana, chui anamng'ata paja kidogo tu, jamaa anadhani analiwa, anamchoma shingoni. Nimemkasirikia sana yule mwanajeshi aisee. Ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja.