Tuisheni ya Historia pepa ya pili huku Ngamiani, Tanga, yani kama una mtihani wa form six soma hii kabla hujalipa

Nimesoma hapo miezi mitatu, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, hiyo ndo ratiba iliyobandikwa mlangoni, ila mwalimu akinogewa mnatoka saa mbili na bajaji zimeshapanda bei. Nimelipa elfu thelathini kila mwezi hela yangu mwenyewe, sijatumwa na mtu. Mimi ni mtahiniwa binafsi, mchana nauza spea za bodaboda, shule nilitoka kitambo. Historia ya Afrika naimudu imudu ila hii pepa ya dunia ilishanilaza chali mara moja, hasa mada ya Marekani, nilikuwa nakariri sababu sita athari sita kama mtu anayekariri namba ya simu.

Nianze na kero maana wengine mtaishia hapa. Chumba kiko nyuma ya duka la vyombo, benchi la watu wanne mnakaa sita, feni moja na inazunguka ikijisikia. Tini, yani notisi, unanunua elfu mbili kila mada, fotokopi yenyewe imefifia hadi unasoma kwa kubahatisha, na ya kwangu ukurasa wa 7 haukuwepo kabisa, kumuuliza dada wa mapokezi naambiwa kapige picha kwa mwenzio. Jamani elfu mbili yangu hiyo.

Sasa mwalimu. Siku ya kwanza ya mada ya Marekani kuanzia 1900 kaandika ubaoni majina ya marais watatu wa kule, Roosevelt, Taft, Wilson, akauliza nani kati ya hawa aliyashitaki zaidi yale makampuni makubwa, zile trasti. Darasa zima Roosevelt! Akacheka. Kumbe ni Taft, yule bonge ambaye hakuna anayemkumbuka, ndani ya miaka minne alifungua kesi nyingi kuliko Roosevelt kwenye miaka saba na kitu. Roosevelt aliingia Septemba 1901 baada ya rais McKinley kupigwa risasi kule Buffalo, na mwaka uliofuata akaishitaki Northern Securities, kampuni iliyokuwa imezikumbatia reli za kaskazini magharibi, Mahakama ya Juu ikaivunja 1904, jina likapaa hapohapo. Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller, kesi ilianza enzi za Roosevelt ila hukumu ikatoka 1911 Taft akiwa ikulu, ikakatwa vipande 34. Mi nilikuwa naandika Roosevelt kila mahali, sishangai nilivyofeli.

Ile sheria ya chakula na dawa ya tarehe 30 Juni 1906 aliifundisha akiwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi kaitoa mfukoni. Akasema hii karatasi ya ubavuni inayokwambia ndani kuna nini, zamani kule mtu alikuwa anakuuzia chupa ina afyuni au pombe na haiandiki popote, mama anampa mtoto akidhani dawa. Sheria haikukataza hivyo vitu, ililazimisha tu baadhi yake viandikwe na ikakataza kudanganya kwenye hiyo karatasi. Siku hiyohiyo ikasainiwa na ile ya ukaguzi wa nyama, watu wakiwa bado na kichefuchefu cha habari za machinjio ya Chicago. Sijawahi kuikosea tena tarehe hiyo.

Kipindi kilichonifanya nilipe mwezi wa pili bila kujiuliza ni cha mfereji wa Panama. Kwenye darasa letu kuna jamaa anafanya kazi bandarini, mwalimu kamwita mbele amsaidie kuchora. Nilikuwa najua mfereji ni mtaro tu, unachimba bahari mbili zinakutana basi. Kumbe meli inapandishwa! Inaingia kwenye chumba cha maji, milango inafungwa nyuma, maji yanajazwa nayo inanyanyuka, chumba hadi chumba mpaka ziwa Gatun lililo mita 26 juu ya bahari, halafu inateremshwa upande wa pili. Na kabla ya kuchimba ilibidi wapigane na mbu, daktari wa jeshi Gorgas akafunika matangi ya maji na kumwaga mafuta kwenye madimbwi mpaka homa ya manjano ikakatika, ile ile iliyokuwa imewamaliza Wafaransa waliojaribu mwanzo. Vibarua wengi walitoka Barbados na visiwa vya jirani, na malipo yalikuwa ya mafungu mawili, Wamarekani weupe fungu la dhahabu, weusi fungu la fedha. Jamaa wa bandarini hapo akaguna tu.

Ardhi yenyewe ilipatikanaje ndo utamu. Panama ilikuwa sehemu ya Colombia, na Seneti ya Colombia ilikataa mkataba wa kuwapa Wamarekani eneo la mfereji Agosti 1903. Tarehe 3 Novemba Panama ikajitangazia uhuru, manowari ya Marekani iko palepale inawazuia wanajeshi wa Colombia, siku tatu mbele Washington inaitambua, tarehe 18 mkataba umesainiwa na upande wa Panama kasaini Mfaransa, Bunau-Varilla! Wajumbe wa Panama wenyewe wanafika Washington wanakuta kalamu imeshakauka. Meli ya kwanza rasmi, Ancon, ikapita 15 Agosti 1914, na mwalimu akasema hesabuni, miezi mitatu haijaisha hapa Tanga Waingereza na Wajerumani wanapigana na nyuki wanawauma.

Mwalimu anapenda pia ile ya Roosevelt kwamba ongea kwa upole huku umeshika rungu, mwenyewe alidai ni methali ya Afrika Magharibi, na alipotoka madarakani alishuka Mombasa Aprili 1909 kuwinda, kidogo tu angefika kwetu kula samaki.

Ila kuna mahali sijapenda na nilimwambia usoni. Haiti walikaa na wanajeshi wa Marekani 1915 mpaka 1934, Jamhuri ya Dominika 1916 mpaka 1924, Nicaragua nako, vyote hivyo kavipitisha dakika kumi eti haviulizwi sana. Na Wilson, tumempamba wee, benki kuu ya 1913, sheria ya 1914 ya trasti, pointi zake 14 za Januari 1918 kwamba mataifa yajiamulie, mbona hakusema kuwa huyohuyo serikali yake ilianza kuwatenga wafanyakazi weusi kwenye ofisi za Washington 1913? Mpaka nilipouliza mimi, maana niliona mstari mmoja kwenye kitabu cha mtumba. Akakubali, kwa heshima kabisa, akasema kijana wangu umenikamata, ila kwenye tini hakuna mpaka leo.

Halafu akanilipa kwa namna yake. Alhamisi iliyofuata akaanza na Wilson kulipigania Shirikisho la Mataifa, Seneti yake mwenyewe ikaukataa mkataba ulioliunda Novemba 1919, Marekani ikabaki nje. Akanyamaza, akaniuliza mimi, Tanganyika Waingereza walipewa na nani 1922? Nikajibu kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Hiyo nilishaiandika mara mia kwenye pepa ya kwanza na sijawahi kuiunganisha na yule mzee wa Washington, na mimi naishi Tanga. Benchi zima likanigeukia.

Nawapa nyota nne. Mada inayofuata inaanza Jumatatu, ukija njoo na maji yako, kaa upande wa dirisha, na tini zihesabu kurasa palepale mbele ya dada kabla hujatoa hela.